Vyumba Vinane na Gazeti la Serikali

Ijumaa ya tarehe 18 Juni 2021 ilinikuta uani nikipara samaki. Kulikuwa na wageni wanne njiani kutoka Eldoret, nao walikuwa wameomba ngege wa kukaanga na ugali wa wimbi, chakula kiwe mezani saa mbili usiku. Dada yangu akatoka jikoni na ile redio yetu ndogo, akaiweka juu ya pipa la maji, akasimama tu. Redioni walikuwa wanataja kaunti moja moja: Busia, Vihiga, Kisii, Nyamira, Kakamega, Kericho, Bomet, Bungoma, Trans Nzoia, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori. Kaunti 13. Kafyu ya korona kwetu sasa ni saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na aliye nje ya ukanda huu anasihiwa asiingie, aliye ndani asitoke, ila kwa jambo la lazima.

Asiyeijua Kisumu hawezi kuuona uzito wa saa moja jioni. Ndiyo saa ambayo jua limetoka tu kuzama ziwani, watu wameteremka Dunga na Hippo Point, samaki wako kwenye mafuta na watoto wanalilia soda. Mji huu hula jioni. Ukiufunga saa moja, umeifunga ile saa yenyewe ambayo mgeni aliifuata.

Wageni wa Eldoret waligeuza gari Kapsabet. Ngege wao tuliwala sisi kwa siku mbili.

Na siku 17 tu kabla ya hapo tulikuwa tumejaa hadi sebuleni. Sherehe za Madaraka za 2021 zilifanyika kwetu, katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, na kwa mara ya kwanza tangu korona iingie vyumba vyetu vinane vilikuwa na watu vyote. Dada yangu alilala kwenye kochi ili chumba chake kiende kwa mgeni. Tulikuwa tumekopa kwenye chama tukanunua magodoro manne mapya na tangi la maji, kwa imani kwamba mji umefunguka: bandari imekarabatiwa, barabara zimepakwa rangi, wakubwa wamekuja wakaona. Matatu kati ya hayo magodoro yalitumika wiki ya Madaraka. La nne lilibaki limesimamishwa ukutani kwenye korido, bado liko ndani ya nailoni yake.

Sina ugomvi na kafyu yenyewe. Mtaa wetu ulizika watu mwezi ule, na wauguzi niliowafahamu walikuwa wanarudi nyumbani wakiwa hawana hata nguvu ya kusema. Kinachonikera hadi leo ni kwamba sherehe ilipangwa na marufuku ikatangazwa, na kati ya hizo mbili hakuna mahali ambapo mtu alimfikiria mwenye vyumba vinane aliyekopa. Tangu mwaka ule nimejizoesha kusoma Gazeti la Serikali na Sheria ya Fedha ya kila mwaka kama vile wakulima wa Nyando wanavyotazama mawingu. Nisipojua kinachokuja, nitanyeshewa.

Tukisema utalii katika nchi hii, macho ya kila mtu huenda Mara na Diani. Huku kwetu Magharibi mtalii ana sura nyingine. Ni mtu aliyetoka Nairobi kumzika mjomba wake Seme, akalala kwetu usiku mbili, akawapeleka watoto kwenye boti siku ya pili kwa sababu hawajawahi kuliona ziwa. Ni mwalimu na wanafunzi 45. Ni familia inayorudi nyumbani Desemba, nyumba ya mashambani haijaisha, kwa hiyo wanalala mjini na kwenda kuwasalimu wazee mchana. Ni Mganda aliyekuja kununua bidhaa akaongeza siku moja. Hakuna hata mmoja wao anayejiita mtalii, na mara nyingi hata anayepanga sera hamwiti hivyo. Lakini nauli yake, mafuta ya boti yake, samaki aliye kwenye sahani yake na kitanda anacholalia vyote vimepitia sheria fulani kabla ya kumfikia.

Somo hili nililianza nikiwa mtoto, na mwalimu wangu alikuwa baba.

Nimekulia Nakuru, mtaa wa Bondeni. Baba alikuwa dereva wa gari la watalii, zile van zenye paa la kufunguka juu, akifanyia kampuni moja ya safari. Kwenye droo ya gari aliweka daftari la kurasa 96 lenye jalada la buluu, na humo aliandika kila safari: tarehe, idadi ya wageni, ada ya lango, mafuta, posho yake. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na umenyooka, kama wa karani. Alipostaafu alinipa hilo daftari, na nikilifungua leo naona historia ya sera za utalii za nchi hii imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja wa utalii.

Tazama mwaka 2013. Sheria mpya ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilianza kazi tarehe 2 Septemba, ikaweka asilimia 16 juu ya ada za kuingia mbugani na juu ya malipo ya kampuni za safari. Ukisoma hivyo unaweza kudhani mzigo ulimwangukia Mzungu mwenye pesa. Haukumwangukia. Safari za makundi huuzwa mapema. Mjerumani anayefika Januari alilipa mwaka uliopita, kwa bei iliyochapishwa kwenye kijitabu cha wakala wake huko kwao. Huwezi kumpigia simu ukamwambia aongeze. Pengo lile lilimwangukia mwenye kampuni, na mwenye kampuni akaliteremsha kwa dereva. Kwenye daftari, posho ya baba ya kulala nje inapungua nusu kuanzia Oktoba ya mwaka huo. Hakuandika maelezo yoyote. Amepigia mstari mmoja tu chini ya ile tarakimu.

Mwezi huo huo wa Septemba ndio Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, ilipovamiwa na magaidi. Mwaka uliofuata ikawa Mpeketoni, huko Lamu, na Uingereza na nchi nyingine zikawaonya raia wao wasije sehemu kadhaa za nchi. Nakuru iko mbali mno na Lamu, lakini mtu aliye Manchester haoni umbali huo kwenye ramani. Kurasa za baba za 2014 na 2015 zina mapengo ya wiki tatu, wiki nne. Serikali ilijaribu mambo: mwaka 2014 ikatangaza kwamba mwajiri akimlipia mfanyakazi wake likizo ya hapa nchini, gharama hiyo itaondolewa kwenye hesabu ya kodi. Ada ya wageni wa nje katika mbuga ya Ziwa Nakuru nayo ikashushwa kutoka dola 90 hadi 60. Mwaka 2016 viza ya watoto walio chini ya miaka 16 ikaondolewa malipo, na Sheria ya Fedha ikaondoa ile VAT kwenye ada za mbuga na huduma za kampuni za safari. Ukifunua kurasa za 2016 na 2017, mistari inaanza kusongamana tena. Posho haikurudi ilipokuwa. Posho ikishuka huwa imeshuka.

Kuna jambo jingine daftari linaonyesha bila kukusudia, nalo ni ziwa lenyewe. Nilipokuwa mdogo, baba aliwahi kutupandisha Baboon Cliff siku ya Jumapili ambayo hakuwa na wageni. Kutoka pale juu ukingo wote wa ziwa ulikuwa wa waridi kwa sababu ya heroe, wale flamingo, na upepo ulileta harufu kali ya magadi iliyonibana puani. Nilimuuliza baba ni nani amepaka rangi. Kuanzia miaka ya 2010 maji yalianza kupanda na hayakushuka. Lango kuu la zamani lilimezwa, barabara za ndani zikapotea, na ile migunga ya manjano iliyokuwa kando ya ziwa ikafia imesimama, vigogo vyeupe katikati ya maji. Maji yakizidi, chumvi inafifia, na mwani ambao heroe huula unapungua. Wengi wakahamia Bogoria. Kwenye daftari la baba yanaanza kuonekana maneno "wameuliza flamingo," kisha mwezi mwingine, "wameuliza flamingo."

Wataalamu huiweka mvua kubwa mbele kabisa katika sababu za kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa. Lakini hawaachi kutaja miteremko. Mto Njoro huteremka kutoka Mau hadi ziwani, na mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya umma, sehemu kubwa ikiwa ya Mau, ikaigawa kwa watu. Aliyetia saini karatasi ile pengine aliamini ni jambo la ardhi tu. Sikumbuki mtu yeyote wakati ule aliyeliita jambo la utalii. Ziwa lililo chini ya mlima halina namna ya kukataa kinachoteremka kwake, na wala dereva wa van hana.

Nilipoolewa Kisumu nilidhani nimeachana na mambo ya lango na ada. Halafu tukafungua hii nyumba ya wageni, mimi na dada yangu, barabara ya kuelekea Dunga, na nikajifunza karatasi za upande wa pili. Ukutani pale mapokezi tuna fremu saba. Kibali cha biashara cha kaunti. Leseni ya utalii, kwa sababu Sheria ya Utalii ya 2011 inamtaka kila mwenye nyumba ya wageni awe nayo. Cheti cha zimamoto, cha afya ya jengo, leseni ya kupiga muziki ingawa tuna redio moja na televisheni moja. Na kila mwezi kuna ushuru wa utalii, asilimia 2 ya mauzo, unaoenda kwenye mfuko wa kitaifa. Silalamikii asilimia 2. Ninapenda hata kujua kwamba fedha hizo husomesha vijana wa hoteli. Kinachonichosha ni kwamba kila fremu ina ofisi yake, tarehe yake ya mwisho na foleni yake, na mwenye hoteli ya vyumba 200 ana karani wa kufuatilia hayo yote. Sisi karani ni mimi, na siku niko foleni sipo jikoni.

Katiba ya 2010 iliupa utalii wa mahali wazazi wawili. Sera ya utalii na mbuga za taifa ni za serikali kuu. Utalii wa kaunti ni wa kaunti. Kwenye karatasi mgawanyo huo una mantiki. Nenda sasa msitu wa Kakamega uone unavyokuwa ardhini. Ule ni msitu mmoja, kipande cha mwisho kilichobaki Kenya cha misitu ile mikubwa ya Kongo. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Malango mawili, ada mbili, risiti mbili. Mbega anaruka kutoka mti hadi mti bila kuulizwa. Mgeni wangu akitaka kutembea pande zote, na ningependa sana atembee pande zote kwa sababu msitu ule ukiuona asubuhi na ukungu wake huwezi kuusahau, inabidi nimweleze kwa nini analipa mara mbili. Huwa naeleza. Kisha huwa anachagua upande mmoja.

Wanaoumia zaidi na hili ni watoto wa shule, na niwazungumzie kidogo kwa sababu ndio hujaza mabasi. Magari ya shule hayaruhusiwi kutembea usiku, na ni haki, tumeona ajali za kutosha. Lakini Kisumu hadi Nakuru ni kama kilomita 180 na malori ya Mau Summit hayana haraka na mtu. Basi likitoka saa kumi na mbili asubuhi linafika saa nne au saa nne na nusu, na ili giza lisilikute njiani inabidi ligeuke saa nane. Kwa hiyo katika siku nzima ya safari, muda wa wanyama hauzidi saa nne. Miaka michache iliyopita nilisindikiza darasa la sita kwenye mbuga moja, sitaitaja, wakati malipo yote yalikuwa yameshahamia kwenye simu. Mtandao ukagoma langoni. Mwalimu alikuwa na pesa taslimu mfukoni, zote za wazazi, zimehesabiwa na kufungwa kwa raba, shilingi 215 kwa kila mtoto, na hakukuwa na mtu aliyeruhusiwa kuzipokea. Tulikaa pale saa moja na dakika arobaini. Mtoto mmoja msichana alikuwa amekuja na daftari la kuchora, alichora lango. Kifaru hakuwahi kumwona, muda uliisha.

Ninaelewa kwa nini serikali ilitaka fedha ipite kwenye simu. Fedha taslimu kwenye malango ilikuwa ikipotea, kila mtu alijua. Sera hiyo iliziba tundu halisi. Ila mtu aliyeiandika alikuwa ameketi mahali penye mtandao.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha jinsi kodi inavyoweza kubadilisha ladha ya chakula. Aliuza samaki ufukweni, chini ya mji, kwa miaka zaidi ya ishirini: kibanda cha mabati, karai tatu, meza za mbao, ziwa hatua kumi kutoka kwenye kiti. Wageni waliokuja Kisumu walikuwa wanapelekwa pale kabla hawajapelekwa makumbusho. Kina mama wale walijenga kivutio kikubwa kuliko vyote vya mji huu na hakuna sera iliyowasaidia. Kabla ya bandari kukarabatiwa walivunjiwa, usiku, kwa notisi fupi. Shangazi aliokoa karai mbili. Sasa huninunulia samaki alfajiri Dunga, mashua zinapoingia, naye hunipatania bei na mwenye nyavu kama walivyozoeana tangu ujana.

Basi Sheria ya Fedha ya 2023 ikaja na kusema kwamba kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki, ile ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya mapato, haitakubaliwa kwenye hesabu ya kodi. Mvuvi wa Dunga hana eTIMS. Ana simu ya kitochi yenye ufa. Maana yake ni kwamba nikinunua ngege wa ziwani kwa shangazi, kwenye vitabu ni kama sikutumia hata senti, na natozwa kodi juu ya pesa ambayo imeshaliwa na mgeni. Nikinunua ngege wa barafu aliyetoka China kwenye duka kubwa, ninapewa ankara safi yenye msimbo wake. Kwa miezi kadhaa nilisimama mbele ya lile friji la duka nikifikiria. Mgeni ametoka mbali kuja kula samaki wa Ziwa Victoria, akiliangalia Ziwa Victoria, na sheria inanisukuma nimpe samaki aliyesafiri kumzidi. Sikununua. Nililipa hiyo kodi. Baadaye sheria ililegezwa, mnunuzi akaruhusiwa kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo, nami nilimkalisha shangazi mezani nikamwandikisha. Aliniuliza kama serikali sasa itajua ameuza samaki wangapi. Nikamwambia itajua nimenunua wangapi. Akasema, "Afadhali wewe ndiye unayeandika, mwanangu."

Na boti nazo. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba petroli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita. Mzee mmoja wa boti Dunga, ambaye huwapeleka wageni wetu kuona viboko na mafunjo, hakupandisha bei. Aliniambia akipandisha, familia ya Kenya itapiga picha nchi kavu na kurudi. Alichofanya ni kufupisha mzunguko. Alikuwa anafika hadi ile kona ya mbali ambapo viboko hulala mchana. Sasa anaishia karibu, anazima injini na kurudi kwa kasia. Wageni hurudi wakisifu utulivu, wanasema ni vizuri alivyozima injini wasikie ndege. Mzee hutabasamu, hasemi kitu. Mabega yake ninayaona mimi jioni akija kuchukua malipo.

Nisije nikaonekana kama mtu wa kulalamika tu, maana kuna sera iliyotujaza, tena bila tarumbeta. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kikazinduliwa rasmi, mtu akawa anagongewa upande mmoja tu badala ya kushuka kwenye basi mara mbili na kupanga foleni mbili na mizigo kichwani. Nendeni mkatazame kitabu chetu cha wageni. Kabla ya hapo, Waganda ni wachache, wafanyabiashara watupu. Baada ya hapo zinaanza kuonekana familia: baba, mama, watoto watatu, Jinja. Kikundi cha walimu, Tororo. Bibi na wajukuu, Mbale, wamekuja kuona Kit Mikayi kwa sababu mjukuu alisoma habari zake. Hawahitaji viza, hawahitaji dola, na wanakula samaki kama sisi.

Hakuna aliyekata utepe Kisumu kwa ajili ya kile kitambulisho. Hakuna barabara iliyopakwa rangi. Kwa hesabu yangu, kimetuletea usiku mwingi wa vyumba kujaa kuliko Madaraka na Africities, mkutano wa miji ya Afrika, kwa pamoja, ingawa mkutano ule wa Mei 2022 ulikuwa fahari kubwa, mji wa ukubwa wa kati kuupata kwa mara ya kwanza, na kwa siku tano tulilaza watu hadi kwa majirani. Siku ya sita tulibaki tunafua mashuka.

Ndiyo maana ruhusa ya kusafiri ya kielektroniki iliyoanza Januari 2024 niliifuatilia kwa makini kuliko majirani zangu. Ilitangazwa kwamba viza imeondolewa, na kweli viza iliondoka, ila ikaja fomu ya kujaza kabla ya safari na dola 30. Majirani zetu wa Afrika Mashariki hawakuguswa, nilishusha pumzi. Mwaka 2025 Waafrika wengine wengi nao waliondolewa sharti hilo. Mgeni mmoja wa nchi hizo aliyewahi kughairi kuja kwetu alipiga simu mwezi ule kuuliza kama chumba cha mbele, chenye dirisha la ziwa, bado kipo. Kipo, nikamwambia. Bado hajafika, lakini jina lake nimeliandika.

Ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na hao wanaoandika, ningeomba jambo moja tu: muda. Kodi wakiitaka waiseme mwaka mmoja kabla, kwa sababu safari huuzwa mwaka mmoja kabla. Ada ya lango ikipanda, ipande kwa ratiba inayojulikana, si kwa tangazo la wiki mbili. Muhula wa shule ukibadilishwa, yule mzee wa boti ajue, maana kalenda ya Wizara ya Elimu ndiyo msimu wake wa watalii. Sisi wadogo tunaweza kubeba mzigo mzito tukionyeshwa mapema ulipo, tupange nani atashika wapi.

Sijasema lile godoro la nne liliishia wapi. Lilikaa kwenye korido miezi sita. Kafyu iliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021, na bado hakuna aliyekuja wa kulihitaji. Kisha Desemba treni ya abiria kutoka Nairobi ikarudi, baada ya miaka mingi ya reli kuota nyasi. Asubuhi ya Jumamosi moja mama mmoja alikuja kwa miguu kutoka upande wa stesheni, na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mfuko wa sukari wa kilo mbili aliokuwa anawapelekea wazee Rarieda. Matatu za huko zilikuwa zimepandisha nauli ya Krismasi, akaamua asubiri hadi Jumapili. Vyumba vilivyokuwa tayari vilikuwa vimechukuliwa, vyote, na nilipomwambia hivyo alitazama korido nyuma yangu.

Nailoni niliichana kwa kisu cha samaki. Mtoto mkubwa akalirukia godoro kabla sijatandika shuka.